Presha si Ugonjwa wa Matajiri

Wako wasemao ya kwamba presha ni ugonjwa wa matajiri wa mjini. Neno hili ni la uongo, tena lina madhara, maana kwa ajili yake zahanati nyingi za vijijini huachwa bila kipimo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba watu wazima wapatao milioni 1,280 wana ugonjwa huu, na theluthi mbili yao wakaa katika nchi maskini na zile za hali ya kati. Karibu nusu yao hawajijui, maana presha haiumi mpaka imwangushe mtu kwa kiharusi. Katika kila watano, mmoja tu ndiye ambaye presha yake imetulizwa.

Je, dawa ni ghali? Sivyo. Amlodipini ni dawa ya zamani, na bei yake ni ndogo. Lakini humezwa kila siku. Apewaye mwezi huu akakosa mwezi ujao hakutibiwa. Basi hatuombi hisani, twadai haki: kipimo kizima na dawa isiyokatika. Wazee, katika mkutano wa kijiji ulizeni: kipimo chetu ki wapi?