Mgema na Sherehe ya Mwaka

Sifa ni chumvi ya kazi. Mtu aliyetenda vyema hustahili kuambiwa kwamba ametenda vyema, na mwalimu hustahili zaidi ya wengi, kwa kuwa matunda ya mti wake huliwa na watu wasiomjua mpanzi. Hakuna basi mwenye akili awezaye kulaumu desturi ya wilaya za shule ya kukusanya walimu, wazazi na wanafunzi mwishoni mwa mwaka ili mema yaliyofanyika yatajwe hadharani. Walakini chumvi ikizidi, mchuzi hauliki. Na wahenga, waliozijua sana tabia za watu, walinena kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii hufundishwa kama onyo kwa mgema peke yake. Ni haki iwe onyo kwa wanaomsifu pia. Maana kama wanywaji wangeacha kuhesabu vibuyu wakaonja kilichomo, mgema asingepata faida yoyote katika maji.

Ushahidi wa jambo hili umo katika mji wa Atlanta, jimbo la Georgia, nchini Marekani. Mwaka 1999 shule za umma za mji huo, ambazo wengi wa wanafunzi wake walikuwa watoto weusi wa jamaa maskini, zilipata msimamizi mkuu mpya, Dakta Beverly Hall. Mwaka 2002 ilitiwa saini sheria ya taifa iliyotaka shule za umma zipimwe kwa mitihani kila mwaka, na shule iliyopungukiwa mwaka baada ya mwaka ichukuliwe hatua. Juu ya malengo ya sheria hiyo wilaya ya Atlanta iliweka malengo yake yenyewe. Kila mwaka wafanyakazi wake walikusanyika katika uwanja mkubwa wa michezo, Georgia Dome. Shule zilizotimiza malengo zilikaa chini uwanjani, karibu na jukwaa, zikashangiliwa. Zilizopungukiwa zilikaa mbali, katika viti vya watazamaji. Alama zikapanda, na sifa zikapanda pamoja nazo. Mwaka 2009 Dakta Hall alitunukiwa heshima ya msimamizi bora wa shule katika Marekani nzima.

Gazeti la mji huo, The Atlanta Journal-Constitution, lilizitazama alama hizo kwa shaka, na gavana wa jimbo akaamuru uchunguzi. Ripoti iliyotolewa mwaka 2011 ilionyesha udanganyifu katika shule 44 kati ya 56 zilizochunguzwa, na ikawahusisha walimu na wakuu 178. Zaidi ya 80 kati yao walikiri. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi ya kusikitisha: jibu la mtoto lililokosewa lilifutwa kwa ufutio, na lililo sahihi likatiwa alama mahali pake. Ripoti ilisimulia hata walimu wa shule moja waliokutana mwisho wa juma katika nyumba ya mwenzao kwa kazi hiyo. Mwaka 2013 watu 35 walishtakiwa, Dakta Hall akiwa mmoja wao. Yeye alikana kosa mpaka alipofariki Machi 2015, kabla ya kuhukumiwa. Mwezi uliofuata waliokuwa walimu na wakuu 11 walitiwa hatiani kwa sheria iliyotungwa kupambana na magenge ya wahalifu.

Watetezi wa sherehe husema kwamba hao walikuwa waovu wachache, na kwamba karamu haina hatia kwa wizi wa mpishi. Hoja hii haisimami. Watu 178 katika shule 44 si wachache, wala haiwezekani kwamba waovu wa mji mzima walichagua kazi moja ya ualimu. Donald Campbell, mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, alieleza katika miaka ya 1970 kwamba kadiri kipimo kinavyotumiwa zaidi kuamua mambo ya watu, ndivyo kinavyozidi kuharibiwa, na kuiharibu kazi kilichowekwa kuipima. Mwalimu aliyejua kwamba alama moja itamketisha karibu na jukwaa, na nyingine itamketisha mbali machoni pa wenzake wote, alikuwa amekwisha kufundishwa somo kabla mtihani haujaja. Kosa lake ni lake, na adhabu ilimstahili. Lakini aliyepanga viti vile naye alikuwa mwalimu, na somo lake lilieleweka.

Wengine husema, na hoja yao ni nzito zaidi, kwamba pasipo vipimo watoto wa maskini husahauliwa. Hili ni kweli. Sheria ile ya mwaka 2002 ilikuwa na jema moja kubwa: ililazimisha matokeo ya watoto weusi na ya watoto wa maskini yaonyeshwe peke yake, yasifichwe tena nyuma ya wastani wa shule. Lakini kipimo kina kazi ya tabibu, hakina kazi ya ngoma. Tabibu hupima homa ili ajue nani atibiwe kwanza. Hospitali ikianza kuwatuza wauguzi ambao wagonjwa wao hawana homa, haitapita siku nyingi kabla homa haijatoweka katika vitabu, nao wagonjwa wakibaki vitandani wakitetemeka.

Na katika habari yote hii aliyekunywa maji ni mtoto. Mtoto asiyeweza kusoma alipewa karatasi iliyosema kwamba anaweza. Kwa karatasi hiyo alipandishwa darasa. Kwa karatasi hiyo alikosa masomo ya ziada ambayo alama zake za kweli zingempatia. Kwa karatasi hiyo mama yake alifurahi na kushukuru. Aliibiwa haki ambayo haitajwi sana, nayo ni haki ya kujulikana kwamba hajui. Mwenye njaa hulia akasikiwa. Mwenye ujinga uliofunikwa kwa sifa hana hata sauti ya kulilia.

Msomaji wa Afrika ya Mashariki asidhani kwamba haya ni ya ng'ambo tu. Nchini Tanzania, mpango wa Matokeo Makubwa Sasa ulioanza mwaka 2013 ulizipanga shule kwa rangi, kijani, manjano na nyekundu, kufuatana na matokeo ya mitihani. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule kumi bora na watahiniwa kumi bora. Uamuzi huo ulikuwa wa busara, lakini orodha ikiondolewa mlangoni huweza kurudi dirishani; maana aliyezoea kuhesabu vibuyu hakosi kibuyu cha kuhesabu.

Dawa si kuvunja sherehe. Dawa ni kuionja tembo mbele ya watu. Wilaya itakayo kujisifu mwisho wa mwaka na imsimamishe mtoto, apewe ukurasa ambao hakuuona kabla, ausome kwa sauti wazazi wakisikiliza. Itaje idadi ya watoto ambao hawajajua kusoma, kwa sauti ile ile iliyotaja idadi ya waliofaulu, na ieleze nani atawafundisha, na lini. Shule iliyo katika mtaa maskini kuliko yote, yenye madarasa yaliyojaa, iketi karibu na jukwaa; kwa sababu walimu wake ndio waliobeba mzigo mkubwa, na wageni wa heshima wanahitaji kuwaona kwa karibu. Na mwalimu atakayesimama akasema kwamba wanafunzi wake bado hawajui, ashangiliwe kuliko mwenzake aliyesema kwamba wote wanajua, mpaka huyo wa pili athibitishe.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Shule iliyofundisha haipungukiwi ngoma isipopigwa, kwa kuwa watoto wake hutoka lango lake wakisoma barua za wazazi wao na kuhesabu fedha za mauzo yao. Wilaya inayoogopa kuulizwa idadi ya watoto wake wasiojua kusoma haijawa tayari kufanya sherehe, hata kama alama zake ni za kwanza katika nchi.