Daftari la Wiki: Padri, Wakomunisti na Asilimia 4

Mwaka 1984 vyama vitatu vidogo vya Uholanzi, PPR iliyoanzishwa na wanamageuzi wengi wao Wakatoliki, PSP ya wapinga vita na CPN ya wakomunisti, viliingia uchaguzi wa Bunge la Ulaya kwa orodha moja, pamoja na kikundi kidogo cha kijani. Waliuita muungano huo Groen Progressief Akkoord, yaani Mwafaka wa Kijani na wa Kimaendeleo.

Hawakusukumwa na mapenzi bali hesabu. Bunge la nyumbani lina viti 150, na chama kikipata sehemu moja ya 150 ya kura, kimeingia. Ndiyo maana vijichama huko havifi haraka. Lakini Ulaya, Uholanzi ilikuwa na viti 25 tu: usipofika karibu asilimia 4, umeambulia patupu, kama walivyoambulia wote watatu mwaka 1979. Safari hii walipata asilimia 5.6 na viti viwili. Kimoja alikalia Bram van der Lek, mwanabiolojia wa PSP. Cha pili Herman Verbeek wa PPR, padri wa Kikatoliki. Padri na wakomunisti, karatasi moja ya kura! Mwaka 1986 Van der Lek alimwachia kiti Nel van Dijk wa CPN. Kiti kuachwa kwa hiari, jamani.

*

Mwaka huohuo wa 1986, kwenye uchaguzi wa nyumbani, kila mmoja alirudi kwenye bendera yake. PPR viti 2, PSP kimoja, CPN sifuri, kwa mara ya kwanza tangu 1918. Kiburi kilipoisha ndipo muungano wao, GroenLinks, ukazaliwa mwaka 1989, ukapata viti 6.

*

Kwetu Kenya hesabu ni kali zaidi. Mwanamazingira Wangari Maathai aliingia bungeni mwaka 2002 kwa tiketi ya NARC, jimbo la Tetu. Mwaka 2007 alisimama kwa Mazingira Green Party, akashindwa. Mshindi wa jimbo ni mmoja; asilimia 5 iliyotawanyika nchi nzima haizai mbunge wa jimbo hata mmoja.

Kwa hiyo enyi vijana mnaotaka kusajili chama cha kijani: daini kwanza viti vigawanywe kwa uwiano wa kura. Nembo itangoja.