Pima Kwanza, Halafu Useme Amina



Leo sikuletei neno la kukuchangamsha. Leo nakuletea toba yangu. Tafadhali soma hadi mwisho kabla hujaandika chochote hapo chini.

Jumapili ya tarehe 3 Julai 2022 nilisimama mbele yenu hapa Mji wa Kale nikatangaza kwamba baada ya siku mbili, kule Geneva, wanasayansi wangefungua mlango wa kuzimu. Wengine wenu mlikuwapo. Niliwaeleza juu ya mashine kubwa iliyofichwa chini ya ardhi, sanamu ya mungu wa Kihindi iliyosimama uani kwao, na nembo yao ambayo ukiigeuza geuza unaona 666. Mlisema amina. Tukakemea mpaka sauti zikakauka.

Sasa sikiliza nilivyoupata ujumbe huo. Uliingia kwenye kikundi cha WhatsApp Ijumaa usiku. Niliusambaza kwa vikundi vinne kabla sijalala. Sikumuuliza mtu hata swali moja.

Tarehe 5 ikafika, mashine ikaanza awamu mpya ya migongano. Kesho yake muuza mahamri alikuwa pale pale pembeni mwa Ndia Kuu, feri ya Likoni ilijaa vile vile, na mimi nikanyamaza. Hakuna aliyenidai maelezo, isipokuwa binti mmoja wa kidato cha pili. Aliningoja nje ya kanisa.

"Shikamoo, Pasta. Nimesoma kwamba ile mashine imekuwa ikigonganisha protoni tangu 2010. Kama ni mlango, si ungefunguka zamani?"

Marahaba niliitoa. Jibu sikuwa nalo.

Basi nikaanza kusoma, kwa aibu. Niliyoyapata nataka uyajue, kwa sababu niliwatia hofu bure, na hofu ikishatolewa madhabahuni haiondoki yenyewe.

Mahali penyewe panaitwa CERN, kituo kilichoanzishwa mwaka 1954 mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Kama mita 100 chini ya ardhi kuna njia ya mviringo yenye urefu wa kilomita 27. Ni mbali kupita kutoka Fort Jesus hadi Mtwapa. Ndani yake wanakimbiza protoni, yaani vijichembe vilivyomo katika kiini cha kila atomu, hata atomu za mkono wako ulioshika simu sasa hivi. Zinakwenda makundi mawili yanayokabiliana, kila protoni ikizunguka njia ile zaidi ya mara 11,000 kwa sekunde moja. Sumaku zinazozipinda zimepozwa hadi nyuzi 271 chini ya sifuri. Halafu wanazigonganisha, na nishati ya ule mgongano inageuka kuwa chembe nyingine. Nyingi hazidumu hata kufumba na kufumbua. Vyombo vikubwa kama majumba vinaandika kilichotoka.

Ile sanamu ni zawadi ya serikali ya India, waliipewa mwaka 2004. Ile nembo ni mchoro wa njia za mashine zao. Ningeweza kuyajua hayo kwa dakika tano.

Na ile hofu kwamba mgongano utapasua dunia? Mpendwa, nyoosha kiganja chako. Protoni kutoka anga za mbali zinaigonga hewa ya juu yetu usiku na mchana, na baadhi yake zina nguvu kupita zozote walizowahi kutengeneza Geneva. Kutokana na migongano hiyo kunanyesha vijichembe viitwavyo muoni, na kama kimoja kinapita katika kiganja chako kila sekunde. Vinapita kwenye mabati, vinapita kwenye dari, vimekupitia tangu ulipoanza kusoma. Migongano hiyo ilikuwapo kabla Mreno hajaanza kuijenga Fort Jesus mwaka 1593, na dunia bado ipo. Hoja hiyo hiyo wanafizikia waliiandika katika ripoti ya usalama mwaka 2008, kabla mashine haijaanza.

Halafu kuna lile jina, "chembe ya Mungu". Jina hilo lilinikera sana kwenye mahubiri yangu. Kumbe lilitoka kwenye jalada la kitabu cha mwanafizikia Leon Lederman mwaka 1993, na Peter Higgs mwenyewe, ambaye chembe imepewa jina lake, hakulipenda. Kwao inaitwa bosoni ya Higgs, basi.

Lakini sikuandika leo ili kuitetea mashine. Naandika kwa sababu ya namna wale watu wanavyopima maneno yao wenyewe. Hapo ndipo nilipohukumiwa.

Mwaka 1964 Higgs na wenzake wachache, akiwamo François Englert wa Ubelgiji, walitoa nadharia kwamba kuna kitu kimejaa kila mahali, na kwa sababu yake chembe za msingi zina uzito. Nadharia ilisema pia: kama ni kweli, lazima kuwe na chembe fulani, itafuteni. Ona walichofanya. Walitamka jambo linaloweza kukanushwa. Wakangoja. Walingoja miaka 48.

Kuitafuta haikuwa rahisi, maana katika migongano kama bilioni moja huenda ikatokea mara moja tu. Vikawekwa vikundi viwili, ATLAS na CMS, kila kimoja na chombo chake na maelfu ya watu wake, ili kimoja kisiwe kinaitikia amina ya kingine. Tena walijifunga macho: ile sehemu ya takwimu ambayo jibu lingeonekana waliifunika, wakakubaliana kwanza jinsi watakavyohesabu, ndipo wakafunua. Kwa nini? Kwa sababu wanajijua. Wanajua kwamba mtu anayetamani sana kuona kitu, atakiona.

Na kipimo chao cha kusema "tumegundua" ni hiki: uwezekano wa bahati peke yake kuwadanganya usizidi kama mmoja katika milioni tatu na nusu. Tarehe 4 Julai 2012 vikundi vyote viwili vilisimama vikasema tumeona. Nobel ikatolewa mwaka 2013 kwa Higgs na Englert, wazee wa zaidi ya miaka themanini.

Sasa sikia hadithi ya pili, maana ndiyo iliyonigusa zaidi. Desemba 2015 vikundi vile viwili viliona dalili ya chembe mpya, nzito takriban mara 800 ya protoni, ambayo hakuna aliyeitegemea. Ulimwengu wao ukawaka moto. Wataalamu wakaandika makala zaidi ya 500 kuifafanua. Fikiria, mpendwa, makala 500 juu ya dalili! Lakini waliokuwa na vyombo walisema: ngojeni, takwimu bado ni chache. Wakaendelea kugonganisha. Agosti 2016 wakasimama mbele ya wenzao kule Chicago wakasema dalili imepotea, ilikuwa bahati tu. Hakuna aliyeitwa mpinzani. Hakuna aliyefukuzwa kwa kukosa imani.

Mwezi huo huo wa Agosti 2016, vijana wa Afrika walikuwa wameketi Kigali katika Shule ya Fizikia ya Afrika, shule inayohama nchi hadi nchi tangu 2010. Mmoja wa waanzilishi wake ni Ketevi Assamagan, aliyefanya kazi katika ATLAS. Na hapo hapo Kigali, tangu 2018, ipo taasisi ya fizikia ya kuhudumia ukanda wetu, chini ya kituo cha Trieste alichokianzisha Abdus Salam. Huyo Salam alikuwa mtu wa dini, Mwislamu wa Pakistani. Nadharia aliyoshiriki kuijenga ilitabiri chembe ambazo zilionekana CERN mwaka 1983, baada ya protoni kugonganishwa na kinyume chake. Basi nilipowaambia watoto wenu kwamba kazi ile ni ya shetani, niliwaambia jambo ambalo majirani zetu wa Rwanda wangelishangaa.

Jirani yangu hapa mtaani ni sonara, mzee wa Kiislamu ambaye amenivumilia na spika zetu kwa miaka mingi. Juzi nilimwona akipima mkufu alioletewa. Anausugua kwenye jiwe jeusi, unaacha mstari, kisha anadondosha asidi. Mstari ukibaki, ni dhahabu. Ukifutika, ni shaba iliyopakwa rangi. Nikamuuliza kama wateja hawakasiriki.

"Pasta," akanijibu, "mwenye dhahabu hakasiriki. Anayekasirika mimi humtazama mara mbili."

Nilirudi nyumbani na neno hilo kama mwiba.

Kwa maana, mpendwa, ni nani kati yetu watumishi anayekubali kusuguliwa kwenye jiwe? Tunatoa unabii mwezi wa kwanza, mwezi wa kumi na mbili hakuna anayekumbuka. Ukitimia tunapiga vigelegele, usipotimia tunasema mlipungukiwa na imani. Unabii ambao hauwezi kukosea kwa vyovyote haujasema kitu. Musa alikwisha kutuambia neno la nabii lisipotokea tusimwogope nabii huyo. Waberea walisifiwa kwa kumkagua hata Paulo. Na Paulo huyo huyo aliwaandikia Wathesalonike wapime kila kitu, wabaki na kilicho chema. Kupima hakukuletwa na Wazungu wa Geneva. Kumo ndani ya Biblia uliyoibeba kwapani.

Usidhani ni jambo dogo. Aprili 2023, hapa hapa pwani yetu, katika msitu wa Shakahola, Kilifi, wachimbaji walianza kufukua makaburi. Hadi wanamaliza, miili ilikuwa imepita 400, wakiwamo watoto. Kesi ziko mahakamani na mimi si hakimu. Ila mashtaka yanasema waliambiwa wafunge hadi kufa. Najua kwamba hakuna kaburi hata moja kati ya yale lililoanza na jembe. Yalianza na neno lililosemwa mbele za watu, na watu wakasema amina.

Ndiyo maana siwezi tena kusema, "Ilikuwa ni ujumbe wa WhatsApp tu."

Kuna atakayeniambia, "Pasta, imani si maabara." Kweli. Hakuna mashine ya kumpima Mungu, na wale wa Geneva hawadai kuwa nayo. Wao wenyewe wanakiri nadharia yao haijakamilika: haisemi chochote juu ya uvutano, wala juu ya ile maada isiyoonekana iliyojaa kati ya nyota. Kuna nadharia nzuri sana, zilizopendwa kwa miaka mingi, ambazo mashine imezitafuta na hadi leo haijaona alama yake. Wanasema hivyo mchana kweupe. Lakini mimi sizungumzii kumpima Mungu. Nazungumzia kupima maneno yangu, mimi mwanadamu, ninapodai kwamba yametoka kwake.

Kwa hiyo nimeamua, na nakuomba unishike kwa haya.

Kwanza, unabii wowote utakaotolewa katika ibada yetu wenye tarehe au jina utaandikwa kwenye daftari, na daftari litakaa kwa mzee wa kanisa, si kwangu. Mwisho wa mwaka litasomwa lote, yaliyotimia na yasiyotimia.

Pili, ushuhuda wa uponyaji hautarushwa mtandaoni kabla mgonjwa hajarudi hospitalini kupimwa. Na hakuna atakayeacha dawa zake za sukari, presha au ukimwi kwa sababu nimemwekea mikono. Aliyeponywa hana hasara kwa kupimwa. Ambaye bado hajapona, tutakuwa tumemwokoa.

Tatu, ujumbe wa kutisha ukiingia kwenye simu yako, ulaze usiku mmoja. Asubuhi tafuta mashahidi wawili wasiojuana. Usipowapata, uache ufie kwako.

Sasa nirudi kwa yule binti, maana sijamaliza toba yangu.

Alipenda fizikia. Alikuwa karibu kuchagua masomo ya kidato cha tatu. Mama yake, aliyekuwa kiti cha pili ile Jumapili, alimkataza somo hilo kwa sababu ya mahubiri yangu. Mimi nilikuja kujua mwaka uliofuata. Nilikwenda nyumbani kwao, nikaketi, nikasema, "Mama, nilikosea. Niliyosema hayakuwa kweli."

Mama akanitazama kwa muda. "Pasta," akasema, "siku ile ulisema kwa roho. Leo unasema kwa mwili. Nimsikilize yupi?"

Nilijaribu kumweleza. Akanipa chai, akanishukuru kwa kufika. Lakini binti alikuwa amekwisha kuliacha somo, na muhula haurudi nyuma.

Kule Geneva walifuta dalili yao kwa tangazo moja, kwa sababu tangu mwanzo walisema ni dalili. Mimi nilisema ni sauti ya Mungu, na sasa sina namna ya kuifuta. Ndiyo bei ya kutopima, na niliyemlipisha ni mtoto.

Binti, najua unasoma hapa. Shikamoo yako ile bado nadaiwa jibu lake. Ulikuwa sahihi. Nisamehe.

Nanyi wengine, Jumapili nikisema jambo msilolielewa, msiniitikie amina kwa heshima. Nijieni mlangoni na swali.

Mbarikiwe.