Gari la Marehemu na Uwanja wa Maonyesho



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake. Ama baad.

Mama mmoja mjane ameleta swali ambalo naona lina faida kwa nyumba nyingi za mwambao wetu. Marehemu mumewe ameacha gari aina ya Peugeot 404 lililokaa bandani miaka mingi. Mwanawe mkubwa amelitengeneza kwa fedha zake, na sasa ataka kulipeleka Nairobi kwenye maonyesho ya magari ya kale. Binti zake wasema gari liuzwe, kila mtu apate chake. Mama auliza: je, kuonyesha gari ni kheri, au ni fakhari ya dunia?

Kwanza tulijue jambo lenyewe. Mashindano mashuhuri ya namna hii hapa kwetu ni Africa Concours d'Elegance, yaliyoanza mwaka 1970, na ambayo kwa miaka mingi yamekuwa yakifanyika katika uwanja wa Ngong Racecourse. Waamuzi hawatazami rangi peke yake. Hufunuliwa boneti, huchunguliwa chini ya gari, hukaguliwa viti, buti na injini, na kila penye uchafu au kutu alama hupungua. Na hiyo Peugeot 404 ina historia katika nchi hii: ilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha ikashinda tena miaka mitatu mfululizo, 1966 hadi 1968. Kijana anayelipenda gari la babake hana wazimu.

Faida zipo, wala si haki kuzikanusha. Kijana anayetengeneza kabureta na kunyoosha bodi kwa mkono wake hujifunza subira na ufundi, na huketi na mafundi wazee ambao elimu yao karibu itazikwa nao. Jina la marehemu hutajwa kwa wema. Na kitu kilichotunzwa hupanda thamani, ilhali kilichoachwa bandani huliwa na kutu, na kupoteza mali kumekatazwa.

Hatari nazo ni nyingi. Hewa yetu ya chumvi haina huruma na chuma cha kale, na gari liking'aa juu huenda chini limeoza. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni kama kilomita 480, na gari lililolala miaka mingi haliaminiki kupanda mwendo huo; kulipakia juu ya lori ni salama zaidi, lakini ni gharama. Mipira ya petroli iliyozeeka hupasuka, na moto ukizuka hausubiri. Uwanjani nako watoto hupanda, watu huegemea, na kifaa kidogo kisichopatikana tena dukani chaweza kuchopolewa. Bima ya lazima huwalinda watu wengine barabarani, wala hailipi gari lako likiharibika. Anayetaka kinga zaidi na aitafute iliyo ya takaful, na thamani ya gari ikubaliwe kwa maandishi mapema, kwani mkadiriaji aweza kuliona kuwa ni chuma kikuukuu tu.

Hata hivyo, hatari kubwa kuliko zote si ya barabarani wala ya uwanjani. Ni hii: gari hili ni la nani?

Mtu akifariki, mali yake si ya mwana mkubwa wala si ya mwenye ufunguo. Baada ya mazishi, madeni na wasia, ni ya warithi wote kwa mafungu yaliyowekwa katika Surat an-Nisaa, aya ya 11 na ya 12. Tuchukue mfano. Marehemu ameacha mke, wana wawili wa kiume na wawili wa kike, wala hana wazazi walio hai. Gari limekadiriwa shilingi 960,000. Mke hupata thumuni, yaani 120,000. Zilizobaki 840,000 hugawanywa mafungu sita: kila mwana wa kiume 280,000, na kila binti 140,000. Basi binti anaposema apate chake, hana tamaa. Ataka haki aliyopewa na Mola wake. Kulipeleka gari hilo uwanjani bila idhini yake ni kuipamba mali ya mwenzio kwa jina lako.

Na fedha alizotumia kaka je? Asili ni kwamba anayetengeneza mali ya shirika bila idhini ya wenziwe huhesabiwa amefanya hisani. Lakini sulhu ni bora: gari likadiriwe lilivyokuwa kabla na lilivyo sasa, wakae wasikizane. Akitaka kulibakisha, na anunue mafungu ya wenziwe, hata kwa malipo ya kidogo kidogo, yaandikwe mbele ya mashahidi. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Wakishindwa, Mahakama ya Kadhi iko. Kisha umiliki uhamishwe NTSA, kwani gari lililo katika jina la marehemu litaleta mushkili siku ya ajali.

Haki ikishatimia, ndipo tuzungumze niya. Qur'ani yatusimulia juu ya Qarun aliyewatokea watu wake katika pambo lake, wakamtamani wapenda dunia, kisha ardhi ikammeza. Yatusimulia pia juu ya Nabii Sulayman (A.S.) alipoonyeshwa farasi wazuri wakati wa jioni. Wafasiri wengi wasema walimshughulisha hata jua likatua, naye akarejea kwa Mola wake. Kupenda kizuri si dhambi. Dhambi ni kizuri hicho kukupitishia Adhuhuri na Alasiri huku ukipangusa vioo, au kutaka uonekane wewe badala ya kazi.

Zawadi itolewayo na mfadhili ni nyepesi kuliko ile inayokusanywa kutoka kwa washindani wenyewe, ambayo yakaribia kamari. Na uwanja unaojulikana kwa mbio za farasi wahitaji tahadhari: kijana asikaribie kamari. Ama zaka, gari la matumizi na kumbukumbu halina. Lililonunuliwa ili liuzwe kwa faida hutolewa asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka.

Mama yangu, jawabu ni hili. Usimkataze mwanao, wala usiwanyamazishe binti zako. Waite wote, gari likadiriwe, kila fungu liandikwe. Wakiridhiana, na liende: juu ya lori, mipira ya petroli ikiwa mipya, waya wa betri umetolewa wakati limesimama, na ndugu wawili wakililinda kwa zamu ili kila mmoja apate kuswali. Lisipopata tuzo, hamtakuwa mmepoteza kitu. Lakini likipata tuzo huku dada halisemi na kaka, marehemu hakunufaika na lolote.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu na aunganishe nyoyo za watoto wao. Wallahu a'lam.