Acheni Kuisingizia Bajeti

Muulize mwongozaji yeyote wa Bongo muvi kwa nini filamu yake ya jini haikumtisha hata mtoto wa darasa la pili, na jibu utalipata kabla hujafika mwisho wa swali: bajeti. Muulize mtazamaji aliyesinzia katikati, naye atasema hivyohivyo, tena kwa huruma: wangepata hela hawa vijana, wangefanya maajabu. Mwandishi wa burudani ataandika bajeti. Kwenye semina ya wadau mtoa mada ataonyesha ukutani gharama za filamu moja ya Marekani, ukumbi utaguna, kisha chai italetwa. Imani hii imezoeleka mpaka hakuna tena anayeidai ushahidi.

Mimi naidai. Na ushahidi wa kuipinga nitauleta kutoka uchochoro ambao watu wenye heshima zao huupita wamefumba macho: filamu za Ulaya za wanawake wanyonya damu, zilizotengenezwa kati ya mwaka 1968 na 1979 kwa hela ya mboga na kuuzwa kwa miili ya wasichana.

Asili yake ni kitabu. Mwaka 1872 Mwairishi Sheridan Le Fanu alichapisha Carmilla, hadithi ya binti mnyonya damu anayemtamani binti mwenzake, robo karne kabla Bram Stoker hajatoa Dracula. Ukaguzi wa filamu ulipolegea Ulaya, kampuni ya Hammer ya Uingereza ikaigeuza kuwa The Vampire Lovers, mwaka 1970. Hammer walikuwa na mafundi wao, mapambo yao na mashuka meupe ya kutosha, kwa hiyo tuwaache. Ninaowataka ni wale waliokuja mikono mitupu: Jean Rollin wa Ufaransa, na Jesús Franco wa Hispania, aliyepiga picha popote alipopata hoteli ya kulala.

Filamu ya kwanza ndefu ya Rollin, Le Viol du vampire, ilianza kama filamu fupi ya kusindikiza nyingine. Ilipoamuliwa irefushwe, wahusika walikuwa wameshakufa, akawafufua, akaendelea. Ilionyeshwa Paris Mei 1968, mji ukiwa kwenye migomo na mapambano ya barabarani, na watazamaji wakaizomea na kuirushia vitu. Walikuwa na haki yao. Lakini mtu huyohuyo, miaka mitatu baadaye, alitoa Le Frisson des vampires, ambamo usiku wa manane mnyonya damu anatokea ndani ya saa kubwa ya kusimama. Hakuna moshi wala radi. Kimlango cha saa kinafunguka, mwanamke anatoka. Gharama yake ni saa moja, na mwanamke mwembamba kiasi cha kuenea humo.

Mwaka huo wa 1971 akafanya na Requiem pour un vampire. Wasichana wawili waliojipaka rangi usoni kama wachekeshaji wa sarakasi wanakimbia mashambani, na sehemu kubwa ya nusu ya kwanza inapita bila mtu kusema neno. Lèvres de sang ya 1975 inaishia ufukweni: wapendanao wanajilaza ndani ya jeneza, maji yanawachukua. Ufukwe wenyewe ni Pourville, karibu na Dieppe: mawe, majabali, na nguzo za mbao zilizooza zikiingia baharini. Rollin aliurudia filamu baada ya filamu. Aliupenda tangu ujana wake, na bila shaka alipenda pia kwamba bahari haina kiingilio.

Halafu ipo Fascination, ya 1979. Inaanza machinjioni. Mabibi wa tabaka la juu, kwa mavazi yao ya kifahari, wanakunywa damu ya ng'ombe kwa glasi, eti ni dawa ya upungufu wa damu. Mwaka wa hadithi ni 1905. Nilipoliona hilo nilisimamisha picha, kwa sababu 1905 ndio mwaka ambao Wamatumbi wa Nandete, huku kwetu Kilwa, waling'oa pamba ya Mjerumani na vita vya Maji Maji vikaanza. Sidhani kama Rollin alikuwa na habari hiyo, na hakuihitaji. Ila mtu wa Kilwa akiwatazama wale mabibi wakipangusa midomo, hawezi kuichukulia kuwa ndoto ya Kifaransa tupu. Ulaya ya mwaka ule kwao ilikuwa inanunua damu kwa glasi; huku ilikuwa inajichotea bure. Nimekaa nimetazama filamu nyingi za gharama kubwa zinazojitangaza kuwa za historia, na hazikunifikisha hapo.

Sasa, hukuhuku kwetu, vuka kwa boti kutoka Kilwa Masoko uende Kilwa Kisiwani. Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman la karne ya 14, lina vyumba zaidi ya mia moja na bwawa la pembe nane, juu ya jabali linalotazama bahari. Kuna Songo Mnara na makaburi yake. Kuna Kilwa Kivinje, mji uliokuwa na ofisi za Mjerumani na maduka ya Wahindi, ambako leo unakuta ukuta wa ghorofa umesimama peke yake na mti umeota palipokuwa sebuleni. Kuna mahali panapoitwa Mwembe Kinyonga, ambapo Wajerumani walimnyonga mpinzani wao Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895, na baadaye wapiganaji wa Maji Maji. Hospitali ya wilaya inaitwa Kinyonga. Mwandishi wa hadithi za kutisha akibuni hospitali yenye jina hilo, mhariri atamwambia amezidisha chumvi.

Umeona filamu ngapi za kutisha zilizopigwa huku? Majini yetu yanaishi Dar es Salaam, kwenye sebule ya vigae yenye makochi makubwa, yanaingia kwa mlango wa alumini. Wenye hoja ya bajeti watasema safari ya Kilwa ni gharama. Basi la asubuhi kutoka Dar linakufikisha siku hiyohiyo, na chumba cha kulala wageni Masoko hakiwezi kushindana na kodi ya hiyo nyumba ya makochi. Vibali vya magofu vinaombwa, ndiyo, na vinachukua muda, lakini ufuo wa Kivinje haumwombi mtu kibali cha kuutazama maji yanapokupwa na madau kulala ubavu kwenye tope.

Si kwamba hatujajaribu. Mussa Banzi alitoa Nsyuka, kisha mwaka 2005 akatoa Shumileta, ya jini wa kike anayependa binadamu na kiu yake ni damu. Namheshimu kwa hilo: alijua kwamba mnyonya damu wa kike si mgeni kwetu, kwamba tunaye tangu zamani. Lakini baada yake ikaja fomula. Dakika ya kumi jini keshatokea, lensi nyekundu machoni, kicheko chenye mwangwi, radi ya kompyuta nyuma yake. Dakika ya kumi na tano tumeshaambiwa katumwa na nani: mke mdogo kaenda kwa mganga. Kinachobaki ni kumsubiri shehe au mchungaji. Na hiyo radi ya kompyuta ililipiwa! Mtu alikaa siku nzima akiibandika. Hela ilikuwepo, ikaenda kununua kitu cha kuua hofu.

Hofu inataka subira, na subira haiuzwi dukani. Franco, kwenye Vampyros Lesbos ya 1971, alikuwa na Soledad Miranda, jua la pwani karibu na Istanbul, tiara nyekundu angani na nge anayetambaa. Anavirudia hivyo mara kwa mara mpaka ukiiona tiara unajua kuna mtu atapotea. Mnyonya damu wake anaogelea mchana kweupe na kujianika juani. Kwa kanuni za Dracula hilo ni kosa. Kwa mtu wa pwani ni jambo la kawaida kabisa, kwani nani kasema majini yanaogopa jua?

Mnisamehe, sitaki mtu atoke hapa akidhani nasifia kila kitu. Filamu hizi zina ubovu wa kutosha. Franco alikuwa na ugonjwa wa kuivuta picha karibu kwa lenzi na kuirudisha nyuma, mpaka macho yanauma. Mazungumzo yanasomwa kama tangazo la msiba redioni. Meno ni ya plastiki, damu ni rangi ya mlango. Ubaya mkubwa zaidi ni namna wanawake wanavyotumika: hadithi inapokwama, msichana anavua nguo, na inapokwama tena anavua mwingine. Mnunuzi wa filamu alitaka miili kwa kipimo, Rollin akampimia. Kati ya filamu zake za ndoto alitengeneza nyingine za ngono tupu kwa jina la kuazima ili apate kula. Hapo simwoni tofauti na msambazaji wa Kariakoo aliyetaka kila hadithi ikatwe vipande viwili ili auze Part One na Part Two. Kila soko lina namna yake ya kuharibu kazi.

Na ni huo uchi ndio uliozichosha filamu hizi mapema. Saa ile ya kusimama bado inashtua baada ya miaka hamsini. Matiti ya dakika ya ishirini hayamshtui mtu tena. Pwani hii haijawahi kuhitaji uchi ili kusema habari za matamanio. Kungwi anamfunda mwali kwa nyimbo za mafumbo, mtu mzima akisikia anainamisha uso. Kanga inasema, taarabu inasema, moshi wa udi unaovukizwa chumbani alasiri unasema mpaka jirani anajua bwana karudi safari. Bodi ya Filamu haina kifungu cha kukataza harufu ya udi. Wanaolalamika kwamba maadili yetu yanawanyima filamu ya mapenzi ya kutisha hawajamsikiliza bibi yao vizuri.

Tuna jini mahaba. Anakuja usiku, ana wivu, anafukuza wachumba, anavuruga ndoa, na aliyeingiliwa naye mara nyingine hataki atolewe. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo Carmilla yote. Le Fanu aliihitaji ngome ya Styria na kurasa nyingi kuifikia. Kwetu inasemwa kisimani, watu wakiteka maji. Kwa nini basi filamu zetu zinamwonyesha jini mahaba kama jambazi wa kufukuzwa, wala si kama mtu anayependwa? Hilo ni swali la ujasiri wa mwandishi. Halina risiti.

Tunaye pia mumiani, na huyu Ulaya hawana. Mnyonya damu wao ni bwana au bibi mkubwa anayekunywa kwa tamaa. Mumiani ni mwajiriwa. Ana gari, ana vifaa, anakusanya damu kwa ajili ya mtu mwingine asiyeonekana, na mwisho wa mwezi analipwa. Uvumi wake ulizagaa pwani yote wakati wa ukoloni, na mwaka 1959 uliwasha ghasia Buguruni. Wasomi wameandika vitabu juu yake. Filamu yake iko wapi? Inahitaji barabara ya vumbi, gari bovu, taa moja, na mtu mpole anayetoka kazini na kubisha hodi nyumbani kwake, mkewe asijue mumewe anafanya kazi gani. Namwona mwigizaji, namwona hata yule mke akimpokea mfuko. Bajeti yake siioni ikizidi ya harusi.

Nikubali jambo moja, maana sipendi ushindi wa wizi. Hela inanunua muda, na inanunua sauti. Filamu nzuri ikiwa na sauti ya upepo wa maikrofoni inakera, na mwigizaji ambaye hajala hawezi kungoja jua lizame ili picha ipatikane. Hapo nawaunga mkono. Lakini Rollin na Franco walinunua filamu ya kamera kwa mita na kulipa maabara kuisafisha; kila kosa lilikuwa hela iliyotupwa. Kijana wa Lindi leo ana kamera mfukoni. Akikosea anafuta. Kwa hesabu hiyo sisi ndio matajiri.

Na kama bado mtu anabisha, azikumbuke enzi za vibanda umiza, yale mabanda ya kuonyeshea video, hasa Kapteni Derek Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu. Hakuwa na kamera kabisa. Alikuwa na maikrofoni na filamu ya watu wengine, akaisimulia kwa Kiswahili, akaongeza yake, akawapa wahusika tabia za watu wa mtaani, na wateja wakawa wanauliza filamu ya Lufufu badala ya kuuliza jina la mwigizaji. Huyo aliiona hadithi. Wengi wetu tunaiona radi.

Kwa mtayarishaji aliyesoma mpaka hapa: boti za Kisiwani zipo bandarini Masoko, na nahodha mtapatana bei. Njoo na watu wanne, taa mbili na betri za akiba. Lensi nyekundu ziache Dar. Na tafadhali sana, usituletee Part Two.