Baiskeli Mpya ya Bei Rahisi: Je, Inunuliwe?

Baba mmoja wa Lubunga ametuuliza swali ambalo, nadhani, wasomaji wengi wamejiuliza wenyewe waliposimama mbele ya duka. Kwa muda wa mwaka mzima amekusanya fedha za mihogo na makala. Shamba lake liko kwenye njia ya Opala. Kila juma huleta mzigo wake hadi ukingo wa mto, huvuka kwa mtumbwi, kisha huuza ng'ambo, katikati ya mji wa Kisangani. Mpaka leo baiskeli anayotumia si yake, ni ya kukodi. Sasa ameona dukani baiskeli mpya, nyekundu, yenye springi mbele na gia nyingi, na bei yake ni ndogo kuliko ya baiskeli nyeusi ya namna ya zamani iliyosimama kando yake. Kijana wake mwanafunzi amsihi ainunue ile nyekundu. Mama wa nyumba ananyamaza, maana ajua kwamba sehemu ya fedha hizo ndiyo malipo ya shule ya mwezi wa Septemba. Baba auliza: je, niinunue?

Kwa kazi yake, nasema asiinunue. Lakini jibu hilo si la kila mtu, na yafaa tulieleze vema, kwa kuwa watu hupenda kusema “rahisi ni ghali” wakadhani wamemaliza maneno. Si kweli siku zote. Mwalimu anayekaa Makiso na kwenda shuleni kwa njia ya lami, kilomita mbili kwenda na mbili kurudi, bila mzigo ila vitabu vyake, aweza kununua ile nyekundu na kuitumia miaka mitatu bila majuto. Tena rimu zake, zikiwa za alumini, hushikwa na breki vizuri zaidi wakati wa mvua kuliko rimu za chuma, na mvua hapa kwetu haikosi. Baiskeli nzuri ni ile inayofaa kazi ya mwenyewe. Basi kabla ya kuuliza bei, mtu ajiulize mambo matatu: nitabeba nini, nitapita wapi, na ikiharibika ni nani atakayeitengeneza, tena kwa vyuma vya kutoka wapi?

Mji wetu waijua baiskeli kuliko miji mingi. Katika miaka ya 1990, mafuta yalipoadimika na magari yakapungua, vijana waliweka mto laini juu ya keria wakaanza kubeba abiria, nao watu wakawaita toleka, neno la Kilingala lenye maana ya “twende, tupite”. Kisha vita vya mwaka 1998 vikakata njia ya mto kwenda Kinshasa, na mwezi wa Juni 2000 majeshi mawili ya kigeni, la Rwanda na la Uganda, yakapigana siku sita katikati ya nyumba zetu. Katika miaka ile chumvi, sabuni, mafuta ya mawese na mchele vilisukumwa kwa baiskeli katika njia za msitu ambamo gari halikuweza kupita tena. Mtu alikwenda kwa miguu, akishika usukani kwa mkono mmoja na kijiti kilichofungwa nyuma kwa mkono wa pili, mzigo ukiwa kilo mia moja na zaidi. Siku hizi pikipiki zimechukua abiria wengi, lakini baiskeli ya mzigo ingalipo, na jamaa nyingi zaishi kwa hiyo.

Sasa tazameni ni baiskeli gani iliyofanya kazi ile. Haikuwa yenye gia nyingi. Ilikuwa ile nyeusi, nzito, yenye gia moja tu, ya umbo lililotengenezwa na Waingereza tangu zamani, kisha likaigwa na viwanda vya India na China kama Hero, Phoenix na Flying Pigeon. Gurudumu lake ni la inchi 28. La nyuma lina spoku 40, na la mbele 32. Aliyepanga hesabu hiyo hakuwa mjinga. Mzigo hukaa nyuma, basi spoku nyingi ziwe nyuma.

Ile nyekundu, kwa kawaida, ina magurudumu ya inchi 26 yenye spoku 36 au pungufu. Lakini hilo silo kosa lake kubwa. Kosa kubwa limefichwa mahali ambapo macho ya mnunuzi hayafiki, yaani ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Gia zikiwa nyingi, meno yake huchukua nafasi kubwa upande wa kuume. Kwa hiyo gololi za upande huo huwekwa ndani, mbali na fremu, na kipande kirefu cha ekseli hubaki bila egemeo. Mwenye kupanda peke yake haoni neno. Mpakie gunia la makala, mpitishe katika mashimo ya njia ya Opala, na ekseli hiyo itapinda, halafu itakatika. Tena, ili gurudumu likae katikati, spoku za kuume husimama karibu wima na kukazwa sana, na zile za kushoto hulegea. Zinazokazwa mno hukatika moja moja. Ikikatika moja, jirani zake huchukua uzito wake, nazo hukatika. Juma la tatu rimu imekuwa kama kaukau ya mhogo iliyojikunja juani.

Na zile springi za mbele? Katika baiskeli ya bei ndogo, springi ni pambo. Huongeza uzito, hulegea upesi, na zikilegea usukani huchezacheza mkononi. Kisha hakuna fundi chini ya mwembe awezaye kukupa nyingine. Hapo ndipo penye hatari, maana uma wa mbele ukivunjika mteremkoni, si baiskeli tu inayoanguka. Wako akina mama wanaopelekwa zahanati kwa baiskeli, siku zao za kujifungua zikiwa zimetimia, na watoto waliofungwa mgongoni.

Nizungumze sasa juu ya hesabu, na kwa kuwa faranga hubadilika thamani, nitahesabu kwa magunia ya makala. Hesabu hii ni ya mfano tu. Kila mtu aweke tarakimu zake mwenyewe. Tuseme ile nyekundu yauzwa kwa magunia 10, na ile nyeusi kwa magunia 16. Mnunuzi afurahi: ameokoa magunia 6. Katika mwaka wa kwanza wa kubeba mizigo, rimu na spoku za nyuma zamla magunia 2, ekseli na gia gunia 1, pedali na mikono yake gunia 1, nyaya za breki na mengineyo gunia 1. Hapo yamekuwa 15. Lakini ziko pia siku za kulala. Baiskeli ikingoja chuma kisichopatikana sokoni, baba huyu haendi shambani, au akodi tena. Tuseme majuma 4 kwa mwaka, kila juma faida ya gunia moja. Sasa ni 19. Mwisho wa mwaka akitaka kuiuza, nani ataipokea? Labda apewe magunia 2. Mwaka mmoja umemgharimu magunia 17.

Ile nyeusi yeye ameilipa 16, na matengenezo gunia 1. Mwisho wa mwaka bado ina mnunuzi, maana kila mtu aijua na vyuma vyake viko katika kila soko. Akiiuza kwa magunia 10, mwaka umemgharimu 7. Tena bado anayo, haijafa.

Jambo hili la vyuma lina nguvu kuliko watu wanavyodhani. Shirika moja la Marekani, World Bicycle Relief, lililoanzishwa mwaka 2005 baada ya tsunami ya Sri Lanka, lilianza kazi Zambia mwaka 2006. Huko liliona kwamba baiskeli nyingi zilizopatikana madukani hazikustahimili mizigo ya watu wa vijijini. Likatengeneza baiskeli yake, likaiita Buffalo, jina la nyati: nzito, ya chuma, yenye keria ya kubeba kilo mia, na breki iliyo ndani ya kitovu cha nyuma, ambayo mvua haiifikii. Likafundisha pia mafundi na kutafuta njia ya kuwapatia vyuma. Tuone jambo hilo: watu wenye fedha na wahandisi, walipotaka kumsaidia mkulima wa Afrika, hawakumletea springi. Walirudia ile ile nzito ya babu zetu, wakaifanya iwe imara zaidi.

(Nikitaja babu zetu, nakumbuka kwamba tairi la baiskeli limetugharimu hapa zaidi ya fedha. Mwaka 1888, Dunlop, mganga wa mifugo aliyekaa Belfast, alipata hati ya tairi lenye upepo. Dunia yote ikataka mpira. Na misitu ya Kongo, chini ya Mfalme Leopold II mpaka mwaka 1908, ikatoa mpira huo kwa mijeledi na damu. Kijana anayejaza upepo asubuhi yafaa alijue jambo hili.)

Iko njia ya tatu ambayo baba wa Lubunga hakuitaja: kununua nyeusi iliyokwisha kutumika. Mara nyingi ndiyo shauri jema, mradi mtu atazame kwa macho yake na si kwa masikio yake. Ageuze baiskeli, azungushe gurudumu na kulitazama rimu likipita kati ya mipira ya breki: likiyumba kidogo, fundi atalinyosha, likiruka juu na chini, limekwisha. Agongegonge spoku kwa kijiti. Zote zitoe sauti zinazokaribiana, na inayonyamaza ni iliyolegea. Ashike mkono wa pedali, ausukume huku na huku. Ukicheza, gololi au pini zimelika. Kisha apime mnyororo kwa futi: katika mnyororo mpya, pini 25 zilizofuatana, kutoka katikati ya ya kwanza hadi katikati ya ya mwisho, hufanya sentimeta 30 na nusu. Zikifika karibu 31, mnyororo umechakaa, na labda umekwisha kuyala meno pia. Mwisho, apitishe kidole chini ya shingo ya fremu, pale mabomba yanapokutana. Rangi mpya mahali hapo peke yake huficha ufa. Na amwulize muuzaji hati ya kununulia, mbele ya mashahidi wawili, asije akanunua kesi.

Vijana wanaokodi baiskeli kwa malipo ya kila siku wana swali lao. Mwenye baiskeli ataka fedha yake kila jioni, ikiwa imefanya kazi au haikufanya. Akiwapa ile dhaifu kwa kuwa ameinunua kwa bei ndogo, hasara yote huangukia anayeisukuma. Basi mapatano yafanywe siku ya kwanza, kwa maneno wazi: tairi likipasuka ni juu ya nani, ekseli ikikatika ni juu ya nani, na siku ya kulala inalipwa au hailipwi. Ni aibu mtu mzima kuvunja mgongo wake miezi sita akilipia mara mbili chuma cha mtu mwingine.

Na neno moja kwa akina baba. Tukinunua baiskeli, kwa nini huwa ya mtoto wa kiume daima? Mama ndiye abebaye mihogo kichwani kilomita saba, na binti ndiye atokaye shuleni amechelewa kwa kuwa amepita kisimani kwanza. Ziko fremu zisizo na bomba la juu, zinazomfaa mwenye kuvaa kitenge. Sijui ni desturi gani ya wahenga inayozikataza. Baiskeli yenyewe wahenga hawakuwa nayo.

Basi, baba wa Lubunga, kama fedha zako zatosha kununua nyeusi mpya na kulipa shule, inunue. Kama hazitoshi vyote viwili, lipa shule kwanza, utafute iliyotumika, na mpeleke fundi pamoja nawe ukamlipe chakula cha mchana. Bakiza kidogo kwa pampu, viraka, mpira mmoja wa ndani na kufuli. Usiipakie siku ile ile. Baiskeli nyingi hutoka dukani gololi zake zikiwa kavu kabisa; fundi azifungue, atie grisi, afunge tena. Iendeshe siku mbili au tatu bila mzigo, halafu mrudie akaze pini za mikono ya pedali na spoku zote, za nyuma kwanza. Ndipo gunia la kwanza lipande keria.