Likasi: Kabla ya kununua blindaji ya jipu, lala kwanza chini ya gari

Kila mwaka mvua inapokaribia, kuna biashara inayoamka mjini Likasi: vyuma vya kukinga tumbo la gari. Picha zinapita kwenye WhatsApp. Leo ni kifuniko cha ponti chenye rangi nyekundu, kesho ni sahani nene ya chuma iliyotobolewa vizuri, na muuzaji anaapa kwamba mali yake inaingia kwenye jipu yoyote. Neno hilo "yoyote" ndilo ninalolipinga. Hakuna chuma cha namna hiyo kinachoingia kwenye jipu yoyote, na kwa magari mengi tunayoendesha hapa, kifuniko kinachouzwa hakina hata mahali pa kufungwa.

Anayezunguka kati ya Likasi, Lubumbashi na Kolwezi juu ya lami ya barabara ya kitaifa nambari 1 anaweza kuacha kusoma hapa. Blindaji yake ya kiwandani inamtosha. Ninaandikia wale wanaoacha lami: wanaopita Lwambo kuelekea Mitwaba, wanaoingia mashambani upande wa Kambove, wanaopeleka dawa kwenye vituo vya afya na kurudi na mahindi. Huko njia ina mifereji miwili iliyochimbwa na malori, na katikati yake mgongo wa udongo mgumu wenye mawe. Magurudumu yanashuka kwenye mifereji, ponti inaburuta juu ya mgongo. Jiwe moja likitoboa ponti, mafuta yanamwagika bila dereva kujua, na kilomita chache mbele gia zinaanza kulana. Abiria walio nyuma watalala porini. Kama mmoja wao ni mgonjwa anayepelekwa hospitalini, hesabu ni nyingine kabisa.

Kwa hiyo sisemi kinga ni anasa. Nasema tunanunua kinga isiyo ya gari letu.

Tuanze na ponti, kwa sababu ndiko udanganyifu ulipo mwingi. Magari yanayotawala barabara zetu mbaya ni Toyota Land Cruiser za familia ya 70 na pikapu za Hilux. Ponti ya nyuma ya magari hayo haina kifuniko cha kufungua kwa nyuma. Ukilala chini na kutazama, utaona tumbo la mviringo lililochomelewa moja kwa moja kwenye ekseli. Gia zote zinatolewa upande wa mbele, upande wa kardani, baada ya kufungua duara la boliti na kuvuta ekseli za magurudumu. Hakuna boliti hata moja upande wa nyuma. Sasa kile kifuniko chekundu cha kwenye picha, chenye boliti 10 kuzunguka, utakifunga wapi?

Kifuniko hicho kimetengenezwa kwa ponti za aina nyingine, zile zinazofunguliwa kwa nyuma. Ndizo nyingi katika magari ya Marekani: Jeep, Ford, Chevrolet. Land Rover Defender 110 za zamani zenye ponti ya nyuma ya Salisbury nazo zina kifuniko cha boliti. Mwenye gari la namna hiyo ana haki ya kutafuta kifuniko kinene zaidi, maana kile cha kiwandani ni bati lililokunjwa tu. Lakini hata yeye asihesabu boliti peke yake. Jeep Wrangler inaweza kuwa na ponti ya Dana 30 mbele na Dana 44 nyuma. Vifuniko vyote viwili vina boliti 10, na kimoja hakikai mahali pa kingine, kwa sababu umbo ni tofauti. Jina la gari halitoshi na mwaka wa gari hautoshi. Linalotakiwa ni jina la ponti yenyewe, mbele na nyuma kila moja kwa lake, na kama kuna wasiwasi, chukua karatasi, ikandamize juu ya kifuniko cha zamani, uchore umbo lake na kila tundu. Karatasi hiyo ndiyo ya kumtumia muuzaji. Asiyekubali kulinganisha na karatasi yako, mwache na mali yake.

Kuna jambo lingine ambalo wauzaji hawalisemi. Kifuniko kikubwa chenye mgongo bapa kinasifiwa kwamba kinabeba mafuta mengi zaidi. Gale Banks, mtengenezaji wa vipuri vya injini huko Marekani, alifanya majaribio na kuonyesha kwa kamera jinsi umbo bapa linavyovuruga mwendo wa mafuta. Kifuniko cha kiwandani kimepinda kwa kufuata gia kubwa, na mpindo huo ndio unaorudisha mafuta mbele hadi kwenye beringi za gia ndogo. Banks naye anauza vifuniko vyake, kwa hiyo msikilizaji ajue hilo. Hata hivyo hoja inaeleweka bila maabara: kifuniko kinaweza kuzuia jiwe vizuri na wakati huohuo kuharibu kazi ya mafuta.

Tuwarudie wenye Toyota, ambao ndio wengi. Je, hawana la kufanya? Wanalo, na kwa maoni yangu dawa yao iko Likasi kuliko mahali pengine popote. Mji huu ulikua juu ya chuma. Karakana kuu za Gécamines ziko hapa Panda, na katika mitaa yetu hakosi fundi wa kuchomelea anayejua kutofautisha chuma laini na chuma cha chemchemi. Kinachohitaji Land Cruiser ni kipande cha chuma kilichokunjwa kufuata tumbo la ponti, kikachomelewa au kufungwa kwa mikanda ya chuma kuzunguka ekseli. Ni kazi ya siku moja. Chuma kinatoka hapa na pesa inabaki hapa.

Lakini ifanywe kwa akili. Ponti si mlango wa nyumba. Ukiichomelea kwa mstari mmoja mrefu, joto linavuta chuma na bomba la ekseli linapinda. Kupinda kwa milimita chache hakuonekani kwa macho, lakini beringi na mipira ya kuzuia mafuta itaonyesha baadaye. Fundi mzuri anamwaga mafuta kwanza, anatoa gia zote nje, anakata waya wa betri, anachomelea vipande vifupi kwa kubadilisha upande, anangoja chuma kipoe chenyewe bila kumwagia maji. Anaacha nafasi ya kufikia boliti ya kumwaga mafuta na ile ya kujazia. Akimaliza anaangalia kama bomba dogo la kupumulia ponti bado liko wazi. Bomba hilo ni la bei ndogo na linasahauliwa na karibu kila mtu. Ponti iliyopata moto ikiingia ghafla kwenye maji ya mto, hewa ya ndani inapoa na kusinyaa, na kama bomba limeziba au liko chini sana, ponti inanyonya maji. Ukifungua na kuona mafuta yana rangi ya chai ya maziwa, ujue maji yameshaingia. Hakuna blindaji inayozuia hilo. Bomba lipandishwe juu, karibu na kabureta la zamani lilipokuwa au popote palipo juu ya maji, basi.

Sasa sahani ya chini ya injini. Hapa kosa si la umbo tu, ni la kizazi cha gari. Hilux iliyotengenezwa kati ya 2004 na 2015 na Hilux iliyokuja baada ya 2015 zina jina moja na shasi tofauti. Land Cruiser 70 ya kabla ya 1999, yenye chemchemi za majani mbele, si sawa na ile ya baadaye yenye chemchemi za mviringo. Kinachosema ukweli ni kibati cha kiwandani kwenye gari. Pale utasoma kitu kama HZJ79, na kwenye mstari wa ekseli kuna alama fupi: herufi ya kwanza inaeleza ukubwa wa ponti, tarakimu zinazofuata zinaeleza uwiano wa gia. Piga picha ya kibati hicho na uitume kabla ya kutuma dola moja.

Halafu kuna jambo letu sisi Wakongo hasa. Sisi tunaendesha upande wa kulia, usukani uko kushoto. Zambia, Tanzania na Afrika Kusini ni kinyume, na Australia pia, ambako sehemu kubwa ya vyuma hivi inachorwa. Mali inayoingia kwa Kasumbalesa mara nyingi ilifikiriwa kwa gari lenye usukani wa kulia. Boksi la usukani na vyuma vyake vinahama upande, na kwenye magari mengine bomba la moshi nalo linapita kwingine. Sahani inaweza kuingia boliti zote nne, fundi akafurahi, halafu ukakata kona na kusikia chuma kinagonga chuma. Kugongwa kwa vyuma vya usukani si kelele ya kuzoea. Muulize muuzaji waziwazi: ilitengenezwa kwa usukani upande gani?

Kipimo nacho kifanywe gari likiwa na mzigo. Nimeona watu wakijaribu sahani kwa pikapu tupu iliyonyanyuliwa kwa jeki, kana kwamba wanakwenda kuiegesha dukani. Land Cruiser ina ekseli nzima mbele, inayopanda na kushuka pamoja na magurudumu. Ikiwa na magunia nyuma na shimo mbele, ekseli inapanda hadi mahali ambapo jana palikuwa na nafasi ya vidole vinne. Hilux ni tofauti: ponti yake ya mbele imefungwa kwenye shasi na haipandi, kwa hiyo sahani moja inaweza kufunika injini na ponti hiyo pamoja. Mtu anayekuuzia sahani ileile kwa magari haya mawili hajawahi kulala chini ya hata moja.

Kuhusu unene, Likasi tunapenda chuma kizito, labda ni urithi wa migodi. Tufanye hesabu. Mita moja ya mraba ya chuma cha milimita 5 ina uzito wa kilo 39 hivi. Sahani ya sentimita 60 kwa 90 inafika kilo 21. Aluminiamu ya milimita 6 kwa ukubwa uleule haifiki kilo 9. Ukiweka sahani tatu za chuma, injini, boksi la gia na tangi, umeongeza uzito wa mtu mzima mnene chini ya gari, na uzito huo unashusha chemchemi na kukurudisha karibu na mawe uliyokuwa unayakimbia. Mimi ningechagua chuma cha milimita 4 chenye mikunjo, kwa sababu mkunjo unaongeza ugumu kuliko unene, na kwa sababu chuma kikipinda Mitwaba, fundi yeyote anakinyoosha kwa nyundo. Aluminiamu ni nyepesi na nzuri, lakini kuichomelea kunataka mashine na mkono ambao hutaupata njiani.

Matundu si urembo. Udongo mwekundu wetu ukilowa unajaa juu ya sahani na kukauka kama tofali. Unashika joto na unyevu, na chini yake kutu inakula. Mwezi wa saba na wa nane hatari ni nyingine: majani makavu yanayoota katikati ya njia yanakusanyika juu ya sahani, karibu na bomba la moshi. Australia wanajua magari yaliyoungua hivyo, na savana yetu haina tofauti kubwa na yao katika kiangazi. Mkono uweze kuingia na kutoa majani hayo. Mafuta ya injini nayo yaweze kumwagwa bila kufungua sahani nzima, kwani sahani inayosumbua inafunguliwa siku ya kubadilisha mafuta, inawekwa kwenye kona ya garaji, na gari linaondoka bila kinga huku mwenyewe akiamini iko.

Najua jibu la wenye garaji. Watasema mteja ndiye anayeleta picha na kusisitiza, na kwamba wakikataa ataenda kwa jirani. Ni kweli kwa sehemu. Lakini mteja ni mama anayeuza mahindi au papa mwenye pikapu moja, yeye hajui kwamba ponti yake haifunguliwi kwa nyuma. Fundi anajua. Akipokea pesa ya kufunga kitu asichoamini, lawama haiwezi kubaki kwa mteja peke yake. Mashirika yanayokodi magari kupeleka huduma vijijini nayo yanaangalia bima na karatasi za gari kabla ya safari. Ni wachache wanaomtuma mtu atazame chini, na hiyo ni kazi ya dakika kumi kwa mwenye taa na overoli.

Ningependa faktire ya garaji zetu iandike mambo manne: alama ya kibati cha gari, aina ya ponti, upande wa usukani, na kama sahani ilijaribiwa gari likiwa na mzigo. Kisha baada ya kilomita 200 za njia mbaya, mteja arudi boliti zikazwe bila malipo.